Rudini na Pakacha: Mbinu za Kukutanisha Ukoo Pemba Msimu wa Karafuu

Mwaka 2004 Idi el-Fitri iliangukia katikati ya Novemba. Uwanjani kwa wazee wetu, upande mmoja masufuria ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, upande wa pili majamvi ya karafuu yanapigwa jua. Watoto wenye nguo mpya walifukuzwa kila mara wasikanyage majamvi. Mjomba aliyetoka Tanga na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi hadi ukosi aliishia kukaa chini kuchambua makonyo, yaani kutenga karafuu na vijiti vyake, mpaka Magharibi. Sikumbuki Sikukuu iliyokuwa na vicheko vingi kuliko ile, na ilinichukua miaka kuelewa kwa nini. Watu walikuwa na kazi mikononi.

Bahati ile haitarudi karibuni. Sikukuu hutembea, kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja, na mpaka iangukie tena Novemba itakuwa mwaka 2036. Miaka hii imekuwa ikitukuta Machi na Aprili, masika yameshika, njia za shamba tope tupu, na watu wa Dar es Salaam wana siku mbili tu za ruhusa: ya kwanza huisha njiani, ya pili huisha kwa kusalimia. Karafuu haitembei. Kusi likishalegea na vuli ikikaribia, mikarafuu ya Pemba huita watu, na kila aliyezaliwa kisiwani anajua mwito huo hata akiwa Muscat.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: Sikukuu iacheni iwe ya swala, watoto na kaimati. Mkutano wa ukoo uwekeni kwenye karafuu. Na utaratibu wake ni kama ifuatavyo.

Tarehe haipangwi na aliye mbali. Hapa ndipo tunapokosea wengi. Ndugu watatu wenye kazi mjini hukubaliana kwenye kundi la WhatsApp, hukata tiketi, kisha humpigia dada aliyebaki nyumbani kumpa taarifa. Yeye hujibu “karibuni”, maana atajibu nini? Geuzeni mambo. Mwezi wa Agosti mpigieni yeye kwanza, mumuulize mambo matatu. Mikarafuu imezaa au imepumzika? Vikonyo vimefikia wapi? Na yeye mwenyewe yuko tayari kupokea watu, au ana mgonjwa, au ana deni, au amechoka? Swali hilo la tatu ulizeni kwa sauti ya kumaanisha, halafu nyamazeni mumsikilize.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza ndiyo yanayoamua ukubwa wa mkutano. Mkarafuu huzaa sana kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, na katikati yake huwa na miaka ya kawaida na miaka ya njaa. Mwaka wa mavuno makubwa wachumaji hugombewa kisiwa kizima, na hapo mikono yenu ni msaada wa kweli. Njooni wengi. Mwaka mdogo njooni wachache, someni hitma, fyekeni makaburi, ondokeni. Kuwaita watu arubaini kuja kutazama miti isiyo na kitu ni kumtia mwenye nyumba hasarani.

Tena vikonyo haviivi pamoja. Mti mmoja hurudiwa mara mbili, mara tatu, kwa sababu karafuu huchumwa inapoanza wekundu na kabla haijafunguka. Ikishachanua thamani yake imekwisha. Msitafute basi siku moja ya kufa na kupona. Tafuteni juma moja, na ndani yake mchague usiku mmoja wa hitma uwe nanga. Mwenye siku tatu aje kwa ajili ya usiku huo, mwenye siku saba achume. Wazazi wa watoto wa skuli watataka Disemba, na miaka mingine watakuta kazi bado ipo, mingine majamvi yameshakunjwa. Wao ndio wakubali kubahatisha, si karafuu.

Sasa safari, na hapa sitaki mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Sikukuu, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Koo nyingi za Pemba zina jina la kulitaja katika dua kwa sababu ya usiku ule. Kwa hiyo kabla hamjazungumza habari ya mchele, kubalianeni kwa maandishi: mtu akifika bandarini akaona chombo kimejaa, alale, aje kesho, na asilaumiwe na mtu yeyote kwa kuikosa hitma. Liandikeni hilo kwenye kundi na wazee waliseme kwa vinywa vyao, kwa maana wanaopanda vyombo vilivyojaa wengi wao huogopa lawama ya nyumbani kuliko wanavyoogopa bahari.

Kateni tiketi za kwenda na kurudi pamoja, mapema. Wanaopitia Unguja wengi hushukia Mkoani, na mwenye kwao Konde au Micheweni ajue kuwa bado ana kisiwa kizima cha kukivuka, kwa hiyo gari ya kuwapokea ipangwe kabla. Watu wa Tanga wana njia yao ya Wete, lakini chombo hakisafiri kila siku; ulizeni ratiba ya juma hilo, msitegemee ya mwaka jana. Mizigo mizito kama mchele, sukari na mafuta itangulie juma moja mbele. Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, bahari huwa na huruma kidogo, lakini mkondo wa Pemba ni mkondo wa Pemba. Watoto wapewe chakula chepesi. Na ndugu wenye pasi za Oman, Uingereza au Kanada wakumbushwe kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari kwenye foleni ya uhamiaji, wamechoka, na ugomvi wa kwanza wa mkutano huanzia hapo.

Mchango wa pesa nimeuona ukivunja mikutano mingi kuliko mvua. Msigawe sawasawa. Mwenye duka Kariakoo na mwenye ngalawa Kojani hawalingani, na yule wa ngalawa hatasema neno. Hatakuja tu, na mtaambiwa ana homa. Kila mtu atangaze mwenyewe anachoweza, na asiyeweza pesa alete kitu chake: samaki, nazi, kuni, au mikono yake. Mtunza pesa awe mmoja, na ikiwezekana awe yule yule aliyebaki nyumbani, kwa sababu yeye ndiye anayejua nazi zinanunuliwa kwa nani na ng’ombe wa nani ameshiba. Pesa zimfikie kabla, si mkononi siku ya kufika. Nimemwona dada mkubwa akikopa mchele kwa jirani juma zima huku mchango wa ndugu zake uko salama kwenye mikoba yao, kila mmoja akingoja kumkabidhi uso kwa uso apate dua. Zawadi za doti za kanga ni nzuri. Hazipikiki.

Tukishafika, basi kazi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pemba msimu wa karafuu hatungoji ya tatu.

Juu ya mti wapande wanaojua. Mkarafuu ni mti wa hadaa, una matawi mengi ya kukanyaga lakini huvunjika bila ya kutoa sauti ya kuonya, na vuli huyafanya yateleze. Kila msimu kuna watu wanaoanguka, na wengi wao ni wachumaji wazoefu. Shemeji aliyekulia Dar es Salaam anayetaka kuonesha kwamba naye ni mwanamume apewe upembo, avute matawi ya chini, asifiwe. Asubuhi baada ya mvua subirini magome yakauke. Kamba ya kujifunga iwe nzima. Chini ya mti unaochumwa watoto wasicheze. Ikitokea mtu ameanguka, msimsimamishe wala msimkande. Mlazeni kama alivyo, atafutiwe gari na apelekwe hospitali, na sheha apewe taarifa siku hiyo hiyo, kwani fidia ya wachumaji wanaoanguka haipatikani kwa maneno ya baadaye.

Lakini mkutano wenyewe, ule tunaousafiria, hauko juu ya mti. Uko kwenye jamvi, jioni, wakati wa kuchambua. Mapakacha yakishamwagwa, watu hukaa duara, karafuu huku, makonyo kule. Ni kazi isiyohitaji macho. Vidole vikishazoea, mdomo huwa huru, na ndiyo maana hadithi za ukoo wa Pemba zote zina harufu ya karafuu. Tumieni saa hizo kwa makusudi. Mkalisheni bibi au babu katikati, si pembeni kwenye kiti cha heshima ambako hamsikii mtu. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuuliza, kwani mzee hamkatalii mjukuu. Na maswali yaanzie kwenye miti: mkarafuu ule uliopinda aliupanda nani? Nani aliwahi kuanguka kutoka kwenye ule wa kisimani? Ukimwuliza mzee akueleze historia ya ukoo atakwambia hana la kusema. Muulize habari ya mti, utakesha.

Wakati huo ndio wa kuwaambia watoto kwa nini karafuu ziko hapa kwa wingi namna hii. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing’oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa kidogo ndicho kilichobeba zao la Zanzibar. Mtoto aliyezaliwa Birmingham akilijua hilo huku vidole vyake vinanuka karafuu, halisahau. Mrekodini mzee kwa simu kama ameridhia, na akikosea mwaka au jina msimkatize. Ami mmoja kwetu ana ugonjwa wa kusahihisha. Tumempangia kazi ya kufunga magunia.

Watu wa mjini huchafua mavuno kwa nia njema, kwa hiyo waelezwe mapema. Karafuu huanikwa juu ya majamvi au mikeka safi, hazianikwi juu ya lami hata kama lami ina joto zuri. Zisambazwe nyembamba, zigeuzwe mara kwa mara, na zikusanywe kabla ya umande na kila wingu linapofunga. Awepo mlinzi wa wingu, na kazi hiyo wapeni vijana wa simu, wakae barazani na simu zao lakini macho juu. Karafuu mbichi za kilo tatu hutoa kama kilo moja kavu, kwa hiyo msianze kupiga hesabu za pesa kwa kutazama pakacha. Makonyo yasitupwe, yana soko lake. Hukamuliwa mafuta pale Wawi. Mzigo ukikauka pelekeni kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, chukueni stakabadhi, na stakabadhi hiyo ionekane na kila mwenye haki. Kila msimu hutokea ndugu mwenye habari za chombo kinachoondoka usiku kwenda Kenya na bei ya kupendeza. Mpeni chai, msikilizeni mpaka mwisho, kisha pelekeni mzigo kituoni.

Chakula sitakaa nacho sana, kwa sababu Wapemba hawafundishwi kula. Siku za kazi pikeni vya shamba: muhogo wa nazi, mashelisheli yakiwepo, pweza, samaki wa kukaanga. Walio kaskazini wapeleke mtu Tumbe asubuhi mapema, samaki hununuliwa kabla jua halijapanda. Bokoboko liwekeni usiku wa mwanzo, watu wanapofika na njaa ya bahari, na kuliponda iwe kazi ya wanaume. Linataka mkono wenye nguvu, na wake zenu wataona kuwa mnajua kusimama jikoni. Pilau ni ya hitma. Kilo moja ya mchele hulisha watu sita mpaka wanane, lakini kijijini hamhesabu waalikwa, mnahesabu msikiti. Ulizeni watu wangapi huswali Ijumaa, ongezeni masinia matano, na msiulizane tena.

Hitma yenyewe ina mbinu moja ambayo imetusaidia. Juzuu thelathini zigawiwe majuma mawili kabla, kwa majina, na walio mbali wasiokuja wapewe zao wazisome huko waliko. Usiku wa hitma anatangazwa kila mmoja na juzuu yake, na binti aliye London naye anakuwa amehudhuria. Pamoja na hayo andaeni orodha ya marehemu. Tulipoandika ya kwetu tulikuta majina ya mababu saba na bibi mmoja tu. Wengine walikuwa “mama yake fulani”. Ilituchukua jioni mbili za kuchambua kuwapata. Asubuhi ya siku hiyo nendeni makaburini na mapanga, mfyeke, na kila mtoto ashikwe mkono aoneshwe nani amelala wapi. Ambao bahari iliwachukua hawana kaburi la kufyekwa. Majina yao yatangulie kwenye orodha.

Limebaki jambo zito. Watu wakishakutana, karafuu zimeuzwa, kuna pesa mezani, mtu atasema: “Sasa na hili shamba tulimalize.” Asiseme usiku wa hitma. Wala asubuhi yake, wakati nusu ya watu wanafunga mabegi. Tengeni kikao chake katikati ya juma, baada ya Alasiri, masufuria yakiwa bado hayajapandishwa, na muwe na mtu wa nje ya ukoo anayejua mirathi, mnayemheshimu nyote. Pesa za mavuno ya mwaka huu na umiliki wa shamba ni mambo mawili. Lizungumzeni moja, mlifunge, kisha la pili. Kama shamba ni la eka tatu zilizotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi, msilifanye kama shamba la kununuliwa na babu. Anzeni kwa sheha na ofisi ya ardhi. Likiwa gumu, Kadhi yupo. Na fungu la wanawake litolewe mkononi mwao, kwa hesabu, mbele ya watu. Nimewasikia kaka wengi wakisema dada zao “wamesamehe”. Kati ya dada hao niliobahatika kuwauliza faraghani, hakuna aliyekumbuka kusamehe.

Siku ya mwisho mwachieni mwenye nyumba nyumba yake kama mlivyoikuta. Mashuka yafuliwe, choo kisafishwe, masinia ya kuazima yarudishwe na wale walioyaazima, si na yeye baada ya nyinyi kuondoka. Kilichobaki kwenye mfuko wa mchango msigawane, kiacheni kwake. Acheni pia pesa ya kuchimbia mashimo, kwa sababu miche ya mikarafuu hutolewa bure na Serikali na hupandwa masika, lakini mashimo hayajichimbi, na mche uliopandwa leo hauanzi kuzaa mpaka ipite miaka sita au zaidi.

Na kama unasoma haya mwezi wa Agosti, weka gazeti chini umpigie aliyebaki nyumbani. Muulize mikarafuu imefikia wapi, na yeye amefikia wapi.